Tarehe Chini ya Kopo

Mimi ni mama chai. Nina miaka kumi na minne katika kazi hii, na nina hasira. Nasema mapema ili usije ukashangaa mbele ya safari.

Kibanda changu kiko mbele ya lango la gereji. Mabati manne, benchi mbili, jiko la mkaa na sufuria kubwa. Saa kumi na mbili asubuhi maji yanachemka. Saa moja mafundi wanafika, kila mmoja anapiga kelele utadhani mimi ni kiziwi.

"Mama chai! Ya maziwa, na sukari usiionee huruma!"

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma humo humo ndani ya gereji. Ni mtu mpole. Siku hasira zilipogawiwa, fungu lake nilichukua mimi. Mtoto wetu wa kwanza ni binti wa miaka kumi na tisa. Baba yake anamwita Kifungua Mimba, hata mbele ya wateja, na binti ananuna. Amemaliza mafunzo ya ushonaji. Asubuhi hunisaidia kuosha vikombe na makopo matupu, maana makopo watu huyanunua kwa kupandia miche.

Maziwa mabichi siwezi kuyatumia. Sina friji, na ikifika saa sita mchana yameharibika. Kwa hiyo natumia maziwa ya kopo. Asubuhi nalitoboa kopo kwa msumari, matundu mawili, moja la maziwa na moja la hewa. Nalitoboa chini, si juu. Mama mkwe wangu alinifundisha hivyo. Alisema upande wa juu hukaa vumbi la duka na panya hupita. Miaka kumi na minne nimegeuza kopo, nimepiga msumari, nimemimina. Sijawahi kujiuliza kitu.

Hesabu zangu nazifanya kwa vikombe. Kopo moja linatoa vikombe kumi vya chai nzuri. Kabla ya shida hii, kopo lilikuwa bei ya vikombe vitano. Sukari, majani na mkaa vilikula viwili. Vilivyobaki vitatu vilikuwa vyangu. Vitatu hivyo vimelisha watu na kulipa ada. Vimeweka na akiba pia, na akiba hiyo ilikuwa na kazi yake. Ilikuwa ya kununua cherehani.

Karibu na gereji kuna baraza la fundi mzee wa kushona. Alimwambia binti yangu, "Nina cherehani ya pili, naiuza. Inunue, nami nitakupa nafasi hapa barazani ushone. Lakini nangoja mpaka mwisho wa mwezi tu. Kuna mtu mwingine anaitaka." Binti alirudi nyumbani akicheka peke yake. Pesa zilikuwepo, karibu zote. Mimi ndiye niliyezitunza.

Sasa sikiliza zilikokwenda.

Maziwa tunanunua katika duka la jumla la mtu mmoja ambaye sisi mama chai tunamwita Bwana Kesho. Jina hilo amelitafuta mwenyewe. Ukiingia dukani kwake, hata salamu hujamaliza, anakwambia, "Nunua leo, mama. Kesho itapanda." Ana feni inayompuliza tumboni na sauti laini kama ya mganga.

Wakati wa kiangazi bei ilipanda kweli. Kopo likawa vikombe sita. Tulilalamika, tukalipa. Mvua zikaja, majani yakaota hata juu ya mitaro. Bei ikawa saba. Wiki mbili baadaye, nane.

Nane na viwili ni kumi. Vikombe vyote kumi vimekwisha, mimi sina hata kimoja. Nilikuwa naamka alfajiri, napuliza jiko, naungua vidole, namchemshia Bwana Kesho.

Nifanyeje? Nikaongeza maji. Kopo la vikombe kumi nikalitolea kumi na tano. Chai ikawa na rangi ya maji ya kuoshea sahani. Mafundi wakaanza maneno.

"Mama, hii ng'ombe alipita mbali?"

"Maziwa hakuna mjini," nikawajibu. "Kama hutaki, acha kikombe changu."

Wengine waliacha kweli.

Alhamisi moja nikaenda dukani kununua katoni yangu ya kawaida. Nikakuta watu wamejaa mpaka barabarani. Bwana Kesho amesimama juu ya kiti, mikono juu.

"Taratibu, mama zangu! Kiwanda kimesimama tangu mwezi uliopita. Makopo hayaji tena. Haya mnayoyaona ni mzigo wa zamani, ndio wa mwisho. Wiki ijayo mkiyapata, kopo moja vikombe kumi na viwili. Mimi nawaambia kwa sababu nawapenda."

Ananipenda! Hata jina langu halijui.

Lakini siku ile sikuwaza hivyo. Siku ile roho ilinipaa. Nilimwona mama chai wa kona ya pili, tunayemwita Birika, ana katoni tatu miguuni na anainamia ya nne. Birika na mimi hatujapatana tangu aliponinyang'anya wateja wa karakana ya mbao. Nikaishika katoni ile ile. Yeye akavuta huku, mimi nikavuta kule.

"Achia, nimeiona mimi kwanza!"

"Macho yako ndiyo risiti? Achia wewe!"

Katoni ikapasuka, makopo yakabingirika chini ya miguu ya watu. Aibu gani hii, wanawake wazima! Nikayaokota yote, nikayafunga kwenye khanga, nikamwambia Bwana Kesho, "Hii ni yangu. Niwekee nyingine tano."

"Sita kwa jumla? Una akili, mama," akasema.

Nikakimbia nyumbani. Nikainua godoro, nikatoa pesa za cherehani. Nilijiambia, nikikosa maziwa kibanda kitakufa, na kibanda kikifa hata hiyo cherehani tutaila. Sikumuuliza mume wangu. Sikumuuliza binti. Katoni sita, kila moja makopo arobaini na nane, kila kopo bei ya vikombe vinane. Nikarudi na mkokoteni nikijiona mjanja kuliko mtaa mzima.

Binti yangu alikuta katoni zimepangwa ukutani, karibu na kitanda chake.

"Mama, haya ni ya nani?"

"Ni yetu."

"Tumepata wapi pesa?"

Nikaanza kufagia. Akainua godoro mwenyewe. Akalirudisha polepole, akanigeukia.

"Mama, maziwa haya yatashona?"

"Usinijibu hivyo! Mimi ni mama yako!"

"Ndiyo maana nilikupa wewe uzitunze," akasema. Nusu ya pesa zile zilikuwa zake, za vibarua vya kutia vifungo na kupinda suruali. Akatoka. Siku tatu hakunisemesha. Vikombe aliviosha, makopo aliyaosha, mdomo aliufunga. Mume wangu naye alitikisa kichwa tu. Heri angenitukana.

Jumapili akaja wifi yangu, dada wa mume wangu. Anafanya kazi upande wa pili wa mji, katika kiwanda cha maziwa ya kopo. Yuko kwenye mtambo wa kufunga vifuniko. Tangu nilipoolewa hajawahi kuingia kwangu bila kunitafutia kasoro.

"Haa! Wifi!" akapiga kelele mlangoni. "Umefungua duka? Au kaka yangu ameanza kunyonya tena?"

"Cheka," nikamwambia. "Kiwanda chenu kimesimama, wewe unacheka. Utakula nini?"

"Kimesimama wapi?"

"Si kimefungwa tangu mwezi uliopita? Hata wewe si umepumzishwa?"

Akanitazama kama mtu anayempima mgonjwa homa. Akachukua kopo moja kutoka kwenye katoni. Akaligeuza juu chini, akalifuta kwa kidole gumba.

"Wifi, wewe unajua kusoma. Ulijifunza ukubwani, tukakupigia vigelegele. Soma hapa."

"Wapi?"

"Hapa chini."

Kulikuwa na mistari miwili midogo, imepigwa muhuri kwenye bati. Nikalisogeza kopo kwenye mwanga. Mstari wa juu uliandikwa: imetengenezwa. Kisha tarehe. Mstari wa chini: tumia kabla ya. Kisha tarehe nyingine, ya mwaka unaofuata.

"Imetengenezwa tarehe tisa," nikasoma. "Mwezi ... mwezi huu."

"Leo tarehe ngapi?"

"Ishirini."

"Basi kopo hili lina siku kumi na moja. Tarehe tisa nilikuwa zamu ya asubuhi. Pengine hili nimelifunga mimi. Tangu mvua zilipokolea tunafanya kazi zamu mbili, usiku hatupumziki. Mwezi wa tatu sasa nadai likizo sipewi. Nani amekwambia tumefungwa?"

Nilishika kopo la pili. Tarehe tisa. La tatu. Tarehe kumi. Nikapasua katoni nyingine. Tarehe tisa, tarehe tisa, tarehe tisa. Mzigo wa zamani! Mzigo wa mwisho! Damu ilinipanda mpaka masikioni.

"Mbwa yule!" nikasema. "Mwizi! Mnafiki! Amenisimamia juu ya kiti akaniita mama!"

"Lakini wifi," akasema, "miaka kumi na minne hujaona maandishi haya?"

Nikatazama makopo matupu kwenye beseni. Kila moja lilikuwa na matundu mawili chini, na matundu yamepita katikati ya tarehe. Msumari wangu mwenyewe. Nikamweleza mafunzo ya mama mkwe, vumbi na panya. Wifi akacheka mpaka akakaa chini.

"Mama yangu huyo! Usafi wake utatuua. Osha upande wa juu, utoboe juu. Huku chini acha, huku kumeandikwa."

Mume wangu akasogeza kiti. Binti yangu akasimama mlangoni, mikono kifuani. Hakuingia, lakini alisikiliza.

"Hebu nieleze," nikamwambia wifi. "Bei inapandaje na maziwa yapo? Nieleze polepole, maana nikielezwa haraka nitapiga mtu."

"Sikiliza. Ng'ombe anakula majani. Kiangazi majani yanakauka, maziwa yanapungua. Kiwandani magari ya wafugaji yanakuja nusu tupu, na sisi tunanunua maziwa kwa bei ya juu. Wakati mwingine tunatumia maziwa ya unga kutoka mbali, nayo ni ghali. Halafu kuna bati la kopo, kuna sukari, kuna mafuta ya kuchemshia. Vyote vinaingia kwenye bei. Ulipolipa vikombe sita wakati wa kiangazi, bei ile ilikuwa ya kweli. Inauma, lakini ni ya kweli."

"Na saba? Na nane?"

"Mvua zikaja. Ng'ombe wameshiba, maziwa yanamwagika. Ghala letu limejaa mpaka tunapanga katoni kwenye njia. Kiwanda kimeshusha bei wiki ya tano sasa. Imeandikwa kwenye ubao, pale dirisha la mauzo, kila mtu anaiona. Ukipiga hesabu kwa vikombe vyako, kopo halifiki hata vitano."

"Hatukushushiwa sisi!"

"Hamkuuliza. Bwana wenu ananunua kwa bei iliyoshuka, anauza kwa bei ya hofu. Akisema maziwa hayapo, nyinyi mnafanya nini? Mnakimbilia. Mtu wa katoni moja ananunua sita. Jioni rafu ni tupu. Kesho mtu anapita, anaona rafu tupu, anasema kumbe kweli maziwa hakuna. Nani ameyamaliza? Si nyinyi?"

Sikupenda swali lile. Bado silipendi.

"Kwa hiyo kosa ni langu?"

"Uongo ni wake. Mbio ni zenu. Ungefika maduka matatu ungeona bei tatu. Ungesoma kopo ungeona tarehe. Na hata kama upungufu ungekuwa wa kweli, unanunua ya kutumia wiki moja, mbili. Hununui kwa pesa za mtoto. Na haya usiyaweke karibu na jiko. Kopo likivimba tupa, usionje."

Nikainuka. Nikachukua mwiko mkubwa wa chai, ule wa mti.

"Unakwenda wapi?" mume wangu akauliza.

"Kwa Bwana Kesho."

"Leo Jumapili, amefunga. Halafu mke wangu, hasira hasara."

"Hasara nimeshaipata! Niache nipate na hasira!"

Hapo binti yangu akafungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. "Mama, usimpige. Ukimpiga yeye ndiye atakayehurumiwa. Mrudishie maziwa yake. Mimi nataka cherehani yangu."

Jumatatu asubuhi sikuwasha jiko. Nilikwenda kwanza kwa Birika. Aliponiona akashika kiuno.

"Umekuja kuvuta nini tena?"

"Leta kopo lako," nikamwambia. "Ligeuze. Soma."

Akasoma. Akasoma tena. Matusi aliyoyatoa siyaandiki hapa, lakini yalikuwa mazuri. Alikuwa amenunua katoni tano na pesa za kodi ya chumba. Tukapakia mizigo yetu kwenye mkokoteni mmoja, mimi navuta, yeye anasukuma. Mtaa mzima ukasimama kutazama paka na panya wanasaidiana.

Bwana Kesho alikuwa anafungua mlango.

"Tumerudisha mali yako," nikasema. "Turudishie pesa zetu."

"Mali ikivuka kizingiti hairudi, mama. Soma kibao."

"Nimekisoma. Nawe soma hiki." Nikamwonyesha chini ya kopo. "Umesema kiwanda kimesimama tangu mwezi uliopita. Hili limetengenezwa tarehe tisa mwezi huu. Lilijitengeneza lenyewe?"

Akacheka. Alicheka, nakuapia. "Mama, hizo ni namba za kiwandani. Wewe unazijua? Kachemshe chai."

Nikajua kwa nini watu hufungwa jela. Lakini nilimkumbuka binti yangu, nikashusha katoni mlangoni pake, moja juu ya nyingine, nikakaa juu yake.

"Kama mali haivuki, na mimi sivuki," nikasema.

Birika akakaa kando yangu. Kila mteja aliyekuja nilimpa kopo.

"Karibu. Kabla hujanunua, geuza. Soma kwa sauti."

Wa kwanza alikuwa mwalimu mwenye mkoba. Akasoma, "Imetengenezwa tarehe tisa." Akasimama. "Si juzi ameniambia ni mzigo wa zamani?" Akaondoka bila kununua. Akaja mpishi wa shule. Akasoma, akapiga ngumi ukutani. Alikuwa amenunua katoni kumi kwa pesa za maharage, na sasa watoto wanakula ugali mtupu. Akaja bibi mmoja asiyeona vizuri. Birika akamsomea. Bibi akaingia ndani na fimbo yake, akamwambia Bwana Kesho, "Mwanangu, ulinyonya kweli wewe?"

Ilipofika saa nne, Bwana Kesho akaja mlangoni na makopo mawili. Sauti yake laini ilikuwa imerudi. "Chukueni, mama zangu, moja moja. Tuyamalize."

"Kopo moja!" Nikasimama. "Mimi paka? Umeniona nina mkia?"

"Nitaita polisi!"

"Waite! Nao wanakunywa chai. Waje wasome!"

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Mchana mume wangu akaja na mwavuli na chupa ya maji. Sikuamini macho yangu. Mtu mpole yule akafungua mwavuli, akanisimamia juu ya kichwa mbele ya watu wote.

Saa nane Bwana Kesho akakubali. Usidhani aliona haya. Alihesabu kwamba tangu asubuhi hajauza hata kopo moja. Akachukua katoni zilizofungwa tu. Birika akarudishiwa tatu. Mimi nikarudishiwa nne. Moja nilikuwa nimeipasua Jumapili nikisoma tarehe. Nyingine ilikuwa ile iliyopasuka, tulipokuwa tunavutana kama watoto. Ile akaikataa, na pale alikuwa na haki, Mungu anisamehe. Jioni aliandika bei mpya ubaoni, kopo vikombe sita.

"Sita bado ni wizi," wifi akasema aliposikia. "Njooni dirishani. Ila kiwanda hakiuzi chini ya katoni ishirini."

Nani kati yetu ana pesa za katoni ishirini? Kidole kimoja hakivunji chawa. Tukakusanyana mama chai watano, Birika akiwa wa kwanza, na yule mpishi wa shule. Tukakodi gari dogo. Dirishani tulisoma ubao wenyewe. Tukisha kulipa na usafiri, kopo lilitufikia kwa vikombe vitano kasoro. Tunakwenda mara moja kila wiki mbili. Tunachukua ya kututosha, hakuna anayelimbikiza. Makopo ya tarehe ya zamani tunayatumia kwanza. Na kila mmoja wetu anapita maduka mawili matatu kuuliza bei. Kuuliza si ujinga.

Je, cherehani? Pesa za katoni nne hazikufika. Siku mbili zilibaki mwezi uishe. Nilikwenda kwa fundi mzee nimeinamisha kichwa, mimi nisiyeinama. Akafikiri. "Kwa pesa hizi nitakupa kichwa cha cherehani," akasema. "Meza na miguu yake nitamuuzia yule mwingine."

Binti yangu alikitazama kile kichwa cheusi bila miguu, na midomo ikamcheza. Baba yake akakichukua, akaenda nacho gereji. Siku tatu alikata na kuchomelea. Alitumia vyuma vya kiti cha basi bovu na gurudumu la baiskeli. Meza ile ni mbaya, hakuna aliyewahi kuona meza mbaya kama ile. Lakini ukikanyaga, sindano inakimbia. Binti yangu ameiweka barazani. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ovaroli nane za mafundi wa gereji.

Mimi nilidhani hadithi imeishia hapo. Nilijisifu kila kona. Wiki nzima nilikuwa nawasimulia wateja jinsi nilivyomkalisha kitako Bwana Kesho, jinsi bei ilivyoanguka, jinsi tulivyosoma ubao.

Asubuhi moja fundi mkuu wa gereji, tunayemwita Grisi, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainua kikombe chake.

"Hongera, mama chai. Kwa hiyo kopo sasa ni vikombe vitano kama zamani?"

"Vitano kasoro!"

"Na kopo moja unalitolea vikombe vingapi?"

"Wewe umekuja kunywa chai au kunihoji?"

"Nauliza tu. Maana humu ndani najiona sura yangu."

Nilifungua mdomo nimtukane. Binti yangu, aliyekuwa amekuja kuchukua vipimo vya ovaroli, akajibu badala yangu.

"Kumi na tano, fundi. Makopo nayaosha mimi."

Benchi zote mbili zikanigeukia. Nilihisi uso unawaka. Nilitaka kumrushia mwiko, mtoto niliyemzaa mwenyewe. Kumi na tano, toa vitano, toa viwili. Faida ya vikombe vinane kwa kila kopo, na hakuna aliyeniuliza, nami sikujiuliza. Bei ilipopanda nilitia maji siku ile ile. Iliposhuka nilisahau.

"Mnaninyima hata pumzi!" nikapiga kelele. "Leteni vikombe hapa! Vyote!"

Wakavileta. Nikamwaga ile chai mtaroni, sufuria nzima. Nikabandika maji upya. Nikachukua kopo, nikaosha upande wa juu, nikatoboa, nikamimina lote. Nikafungua la pili, nikamimina. Grisi akachota, akanywa, akafumba macho.

"Shilingi ngapi hii, mama?"

"Bei ile ile," nikamwambia. "Na usinishukuru, nitakupiga."